Mwezi Juu ya Simu ya Mama

Niliondoka Kalemie kwa boti ya mizigo nikiwa na mfuko mmoja wa plastiki, nikarudi na diploma. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa hakuna aliyenisomesha. Nilibeba magunia Kigoma, nikauza mitumba, nikasoma jioni miaka yote hiyo, mpaka nikapata karatasi yenye muhuri inayosema kwamba mimi ni fundi wa mitambo ya mawasiliano. Leo karatasi hiyo iko ndani ya fremu kwenye saloni ya mama yangu, sebuleni, juu ya kochi. Nilipachagua mwenyewe pale: mgeni hawezi kukaa kabla hajaiona.

Nilimletea mama na simu. Haikuwa ya vibonye kama ile aliyozoea kuifunga kwenye pembe ya kitenge, bali ya kioo, pana, yenye kamera tatu. Niliipanga mbele ya macho yake siku ileile niliyoshuka bandarini. Siku hiyo parsele yetu, nyumba na ua wake, ilijaa watu, na walioshindwa kuja walipiga simu. Wote walitaka kumsikia mtoto aliyerudi. Mama alichoka. Nikamwambia, "Mama, nipe, nitaituliza." Nikabonyeza hapa na pale, naye akapata usingizi wa mchana. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana mimi nililisahau kabisa.

Wiki mbili hazijaisha, mama alivuka ua asubuhi ya Jumatatu akaja kwangu, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Papa," alisema. Ananiita hivyo tangu utotoni kwa sababu nina jina la baba yake. "Mudogo wangu wa Kirungu ananibipu."

"Mama mdogo? Anakubipu?"

"Jumapili ile ya kwanza mara mbili, na jana mara ine. Simu hailii. Nakuta tu namba yake hapa, nyekundu. Nikimurudishia, naambiwa hapatikani. Muntu mukubwa ananibipu kama mutoto wa shule, halafu anafunga simu. Nimemukosea nini?"

Lazima nieleze Kirungu. Iko juu huko, kwenye milima ya Marungu, na nyumbani kwa mama mdogo hakuna rezo, mtandao wa simu. Kila Jumapili baada ya misa yeye hupanda njia ya miguu hadi kona moja ambako rezo inafika, hupiga simu akiwa amesimama, kisha hushuka. Ukimpigia baadaye unaongea na milima. Mama alilijua hilo kuliko mimi, lakini alikuwa ameshaumia.

Na alikuwa na sababu ya kuumia. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, na Jumamosi ya harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa. Katika ukoo wetu bibi arusi hatoki nyumbani akishikwa na mama yake mzazi. Anayemshika mkono na kumvusha mlango ni mama mdogo. Mama yangu alivushwa hivyo, na nyanya yangu kabla yake. Mama alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba bila mdogo wake, mtoto atatoka mlangoni kama anayekwenda kuteka maji. Na hapo mama mdogo hakuwa bado ameambiwa siku.

"Lete hapa," nilisema. Nikachukua simu yangu, nikampigia mama palepale. Ya kwake ikalia kwa nguvu hata kuku aliyekuwa amejilalia chini ya kiti akatoka mbio.

"Umeona? Simu ni nzima. Labda ni masikio."

"Masikio yangu?" Mama alinitazama kwa huruma. "Juzi nilikuwa kwa jirani, nikakusikia ukifunua sufuria yangu ya samaki wa mikeke. Ulichukua vipande viwili."

Vilikuwa viwili kweli.

"Na huu mwezi?" aliuliza tena, akigusa sehemu ya juu ya kioo kwa kidole chenye unga. "Uko hapa kila siku. Haukui, haupungui."

"Hilo ni pambo tu, Mama," nilimjibu. Sikuwa nimevaa miwani.

Jumapili iliyofuata mama hakukaa kupiga soga baada ya misa. Aliketi uani akichambua mchele, simu ikiwa juu ya kigoda mbele yake, lakini macho yake yalikuwa kwenye mchele. Alipoinua kichwa akakuta namba nyekundu tatu. Alimaliza kuchambua, akaingia ndani, na jioni akatangaza kwamba atamwomba mke wa mjomba wetu amshike mtoto mkono.

Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida ana jibu la kila kitu, aliacha kula.

Sasa nikaona ni wakati wa kazi yenyewe. Siku ya Jumatano nilitandika taulo safi mezani, nikaanza kama nilivyofundishwa, kuanzia kinachoonekana. Sauti ya mlio ilikuwa juu kabisa. Nikavua kava. Nikasafisha matundu ya spika kwa mswaki mpya. Nikazima, nikawasha. Nikatoa laini, nikaifuta, nikairudisha. Baada ya kila hatua nilipiga kwa simu yangu, na kila mara ile simu iliitika vizuri. Sokoni wapo mafundi wa simu wanaokaa chini ya mwavuli na bisibisi zao, na mama alinitajia mmoja, lakini sikwenda. Mtu hasomi miaka yote hiyo ili akaketi chini ya mwavuli wa mwingine.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, anamenya muhogo.

"Yaya," aliniita, kama anavyoniita mimi kaka yake mkubwa, "umepima mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na simu gani?"

"Yangu."

"Zote kumi na moja?"

Nilimwambia anayejua kupima anajua pia atumie chombo gani. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, akampigia mama. Tukangoja. Kioo cha simu ya mama kikawaka, jina la mdogo wangu likatokea, lakini hakuna sauti.

"Hiyo ya kwako haina nguvu," nilisema. "Simu ndogo namna hiyo haiwezi kuliza simu kama hii." Nakiri kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, mimi mwenye diploma.

Mdogo wangu hakubishana. Alikwenda kwenye ua wa miti, akamwita jirani yetu, mama mmoja anayeimba koro ya kanisani pamoja na mama yangu. "Mama, saidia kidogo. Piga kwa mama."

Jirani akapiga. Kioo kikawaka. Kimya.

"Kumbe hailii?" jirani alisema, akiegemea ua ili aone vizuri. "Sisi kwa koro tulishasema mama wa diplome hapokei tena simu za watu wadogo. Tukaona njo vile amekuwa, tutakuwa tunakuja kwa miguu."

Mama alishika shavu. "Mimi nikiona namba zenu nilijua munabipu tu. Mulisema hivyo?"

"Tulisema. Lakini kwa upendo."

"Sasa wewe, Yaya," alisema mdogo wangu.

Nikapiga. Simu ikalia kwa furaha.

"Simu hii inakujua wewe tu," alisema, akarudi kwenye muhogo wake.

Nikavaa miwani. Nikavuta kioo kutoka juu kwenda chini, na pale, pembeni mwa ule mwezi, palikuwa na maneno madogo ya Kifaransa yakisema mwenye simu asisumbuliwe. Chini yake paliandikwa: isipokuwa. Na chini ya hapo lilikuwepo jina moja tu, langu, lenye nyota pembeni. Nililiweka kwa mkono wangu siku ya kurudi, kwa hesabu kwamba mama akilala mchana, dunia nzima ingoje, ila mimi.

Ningeweza kuuondoa mwezi kimyakimya na kusema ilikuwa hitilafu ya rezo. Wazo hilo lilinijia, na lilikuwa zuri. Lakini jirani alikuwa ameshaingia uani na kusimama nyuma ya bega langu, naye anasoma Kifaransa vizuri. Nikawaeleza, nikauondoa mwezi mbele yao.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ni ule mwezi niliokuonyesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Ule wa pambo."

"Ndiyo."

Alimgeukia jirani. "Baba yao alivua ndakala miaka yake yote. Mwezi ukiwa mukubwa hakwenda ziwani. Alikuwa anarudisha taa ndani, analala, maana samaki hawafuati taa kukiwa na mwezi. Mutoto wa muvuvi ameiwekea simu yangu mwezi wiki tatu, halafu anashangaa haifanyi kazi."

"Na yeye njo aliyeusomea," alisema jirani.

Walicheka mpaka jirani akaomba kiti. Ninachoweza kusema kwa upande wangu ni kwamba, nilipovaa miwani, kazi yenyewe haikunichukua hata dakika moja, na si kila fundi angeipata.

Lakini mama alipoacha kucheka alijiwa na wazo jingine. "Na kama amechoka?" aliuliza. "Jumapili tatu amepanda mulima ule na magoti yake. Kama hapandi tena?"

Ilibaki Jumapili moja tu kabla ya harusi, na boti ya kutoka Moba, bandari iliyo chini ya Kirungu, ingeondoka katikati ya juma. Asipopiga siku hiyo, mke wa mjomba angemshika mtoto mkono, na madada wawili wangebaki kila mmoja na hasira yake, mmoja juu, mmoja chini.

Jumapili hiyo tuliiweka simu kwenye kigoda katikati ya ua. Nilitaka kuipima mara moja tu, mama akanikataza kwa jicho. Misa ya huku iliisha, na kwa hesabu zetu ya kule pia ilikuwa imekwisha. Jua likapanda. Mama akaenda jikoni kusonga bukari, ugali wetu, nami nikasimama karibu na kigoda bila kuonekana kwamba nangoja.

Simu ikalia.

Mama hakugeuka hata kichwa. "Acha kunipimia, Papa. Nasonga bukari."

Kwa wiki tatu hakuna mwingine aliyewahi kuiliza.

"Mama, si mimi. Yangu iko mezani."

Mwiko ulibaki umesimama kwenye sufuria. Mama alikuja mbio na mikono yake ya mvuke, akabonyeza kila mahali, na sauti ya mama mdogo ikatoka kwa nguvu, imechanganyika na upepo, ua mzima tukaisikia.

"Uko muzima?"

"Niko muzima. Wewe unanibipu kwa nini?"

"Nani anakubipu? Naiacha inalia mpaka inakatika yenyewe. Nikasema, dada yangu amepata mutoto wa diplome, hanijui tena. Leo nilisema napanda mara ya mwisho."

"Simu ilikuwa na mwezi."

"Na nini?"

"Mwezi. Mutoto wako aliuweka."

Upepo ukavuma kidogo kule mlimani.

"Diplome?"

"Huyohuyo."

"Haya," mama mdogo alisema. "Niambie siku."

Mama alimwambia siku. Sauti ilimkatika alipotaja mlango na mkono wa mtoto, na mwenzake akajifanya hakusikia, akauliza habari za maharagi, alete gunia moja au mawili.

Alishuka bandarini Alhamisi na mawili. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya ngozi, akanikumbatia sana, akasema, "Papa, umekuwa muntu mukubwa. Jumamosi usiguse kitu chenye waya."

Jumamosi asubuhi wanawake wa koro walijipanga uani. Mama mdogo alimshika bibi arusi mkono, wakafika mlangoni, na hapo, kabla ya wimbo, simu ikalia ndani ya mkoba wa mama, sauti juu kabisa, labda mgeni aliyepotea njia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkoba.

"Usiguse," walisema madada wawili kwa pamoja.

Nikaurudisha mkono mfukoni. Simu ikalia mpaka ikakatika yenyewe, ndipo mama mdogo akavuka kizingiti na mtoto.