Fundi Aliyepanda Paa kwa Ajili Yangu

Jamani, nimeaibika, na heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Karatu.

Mimi niko mapokezi katika loji moja hapa. Mchumba wangu Damiano yuko masomoni Ujerumani, na tangu simu yake iharibike tunaandikiana kwa barua pepe ya mapokezi. Mwezi uliopita bosi alibadilisha kampuni ya intaneti, na wiki hiyohiyo Damiano akanyamaza. Basi, adui nikamjua. Nikabadili nywila, nikazima na kuwasha ruta mpaka wageni wakalalamika. Kila asubuhi nilifungua kikasha cha barua pepe kabla hata ya chai, nikakuta maombi ya vyumba tu. Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya yetu ya kanisa kule Qurus, nikaomba tuiombee intaneti. Akina mama wakaiombea kweli, wengine kwa machozi.

Mwishowe nikamlilia bosi, akaita fundi kutoka Arusha. Alipanda paa, akashuka na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye kompyuta yangu. Wenzangu wakasogea.

"Dada, mbona barua pepe zinaingia vizuri tu?"

"Za huku huku zinaingia," nikambishia. "Za Ujerumani ndizo zinakwama."

Bosi akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

"Martina," akasema taratibu, "wale Wajerumani wanane uliowapokea leo, si waliandika juzi kutoka kwao, na wewe ndiye uliyewajibu?"