Nilivyoikosoa Tovuti ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipozindua tovuti yake ya kuuza mpunga, ukumbi mzima pale Ifakara ulipiga makofi. Kisha akaniuliza mbele ya watu, "Dada, umeionaje?"

"Inapendeza kuangalia," nikasema, "lakini mkulima wa kijijini kule Mofu haimsaidii. Inamwonyesha picha za shamba kama lake. Bei ya leo haipo, wala namba ya simu ya mnunuzi. Ataifungua ya nini?"

Mama akanibana mkono ninyamaze. Sikunyamaza, niliyarudia yote, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

Mdogo wangu alininunia msimu mzima wa mavuno. Ndugu wakasema nina wivu. Sikuomba radhi.

Ndipo akanipigia simu. "Shikamoo dada. Nimeweka bei. Njoo uikosoe tena."

Nikaenda, na sikumwonea huruma.