Hema la Fundi Cherehani

Mama yangu ni fundi cherehani, ana miaka sitini na minane, na ukaidi wake ulizaliwa kabla yake. Tulipomwambia auze cherehani, aachane na chumba chake cha kupanga na kuhamia kwa kaka, kaka alisema kwa upole kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Mama akakata uzi kwa meno, akajibu kwamba yeye si nundu ya mtu.

Ndipo akatoa sharti. Angeenda kwa baiskeli hadi kwa dada yake, mwendo wa siku tatu, na njiani angelala kwenye hema. Akifika, tusimguse tena na habari za kuhama. Akiomba gari limfuate, atafunga virago bila neno. Kaka alicheka, akakubali. Mimi kitinda mimba nikateuliwa kuwa shahidi, nikaazima baiskeli ya jirani.

Hema alilishona mwenyewe kwa turubai, na alilishona kama suti ya bwana harusi: kila mshono mara mbili, tena kwa sindano nene. Siku ya kwanza ilikuwa kavu. Mama alikanyaga pedeli kwa mwendo uleule wa cherehani, bila haraka wala kupumzika. Mimi nilikuwa nyuma nahema, nikisimama kila mara na kujifanya natazama mandhari.

Siku ya pili alasiri ikaja dhoruba. Upepo ulitusukuma hadi pembeni mwa barabara, breki zangu zikawa hazishiki, tukapiga hema nyuma ya ghala la nafaka, kwa ruhusa ya mlinzi. Haukupita muda maji yakaanza kudondoka ndani, yamenyooka mstari, yakifuata mishono. Kila tundu la sindano lilivuja, na mama kwa ufundi wake alikuwa ametoboa matundu mara mbili. Laiti angekuwa fundi mbovu, tungekaa pakavu.

Niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimelowa chapachapa, magoti yananiwaka, na niliona shauri limekwisha. Nikamwambia nampigia kaka aje. Mama alikuwa ameshika kipande cha mshumaa, anafuta mishono kwa kitambaa na kuipaka nta, tundu baada ya tundu.

"Piga," akasema. "Ila mwambie ni wewe unayetaka kurudi."

Nikamuuliza kwa hasira kama haogopi, mtu wa umri wake, kufia njiani kwa ajili ya chumba kimoja.

"Mvua naijua, mwanangu. Ninachoogopa ni kukaa kwa kaka yako, kutwa nzima nangoja mtu arudi aniulize kama nimekula."

Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyepita chumbani kwake jioni, nikamuuliza swali hilohilo, kisha nikaondoka nikijiona mtoto mwema. Aibu ilinishika. Nikaukata mshumaa, nikaanza kupaka upande wa pili.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, na goti langu limevimba, halikunjiki. Mama alilifunga kitambaa, akaniketisha kwenye kibaraza cha mlinzi, akaniambia nisijisumbue na mambo ya ushahidi. Nikampigia kaka. Sikumaliza hata salamu, akauliza amfuate mama wapi.

"Njoo unichukue mimi," nikamwambia. "Mama ameshaondoka."