Mlio Mmoja Kwenye Feri

Siku tuliyovuka na maiti ya nyanya yangu kwenda kumzika Mbita bado naikumbuka, mwanangu. Tulitoka kumchukua mochari ng'ambo ya ziwa, na dereva nilikuwa mimi, kijana wa kubeba samaki kwa pikapu kutoka Sindo hadi Homa Bay.

Wiki nzima kabla ya hapo, nikizungusha ufunguo, gari lililia "tak" mara moja, kisha kimya. Sikumwambia mtu. Dawa yangu ilikuwa mteremko: naegesha mlimani, naachia breki, naingiza gia, linawaka. Nilijiona mjanja kweli. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwenye feri kila dereva huzima injini. Nami nikazima, na feri, mwanangu, haina mteremko. Tulipofika Mbita mlango ukashushwa. Mbele yetu palikuwa na mwinuko, nyuma magari yanapiga honi, jeneza liko kwangu, na nyumbani watu wanangoja kaburini. Nikazungusha ufunguo. Tak. Nikaona aibu ya kutamani ziwa linimeze.

Babu, mume wa marehemu, zamani aliendesha trekta la miwa huko Uriri. Alishuka polepole akaniuliza kama taa zinafifia nikizungusha. Nikasema hapana. Basi betri ni nzima, akasema. Akachukua spana, akalala chali chini ya gari na koti lake la msiba, akanieleza akiwa huko huko. Juu ya stata, ile mota inayozungusha injini ianze, kuna kikopo, solenoidi. Ufunguo hukipa umeme kidogo, nacho huwa sumaku na kuvuta chuma kilicho ndani. Chuma hicho husukuma gia ya stata ishike injini, na papo hapo huunganisha shaba mbili ili umeme mwingi wa betri upite. Shaba zikiungua, chuma kitagonga lakini umeme haupiti.

Akaniambia nitoe gia, nishike breki. Akakigonga kile kikopo taratibu, nikazungusha, likawaka.

Alitoka mgongo umejaa oili. Hakunifokea. Alisema tu, "Nyakwara, mjukuu wangu, nilimwahidi nyanya yako atafika nyumbani. Karibu unifanye mwongo."

Sikuzima injini hadi nyumbani. Babu alisimama kaburini na koti lile lile, nami mjukuu wake nilikuwa nyuma yake, nikiutazama ule mgongo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Tak moja na taa zinang'aa, shuku solenoidi. Likilia tatatata na taa zikififia, hiyo ni betri. Pakiwa kimya kabisa, anza kwa kukagua waya. Stata ikiendelea kulia injini ikishawaka, shaba zimegandana, chomoa waya wa betri upesi. Kugonga kwa spana ni kwa kukufikisha tu. Fundi umwone siku hiyo hiyo, na usitegemee mteremko. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mungu akupe sikio la kusikia mapema, na kila utakayembeba, mzima au maiti, afike kwao.