Fundi wa Nyuma ya Ukuta

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Si kwa maandishi, kwa mdomo. Nakaa pembeni ya televisheni na maiki yangu, Wazungu wanasema yao, nami nawaambia watu wamesema nini, na wasipokuwa na la maana nawatungia. Ndiyo maana nasema bila aibu kwamba ile filamu ya mashine zinazovaa ngozi ya binadamu, watu wa Matombo waliipenda kwa sababu yangu. Sehemu zote tano nilizifanya mimi, kwenye kibanda umiza kile kile, banda la video la mabati, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi.

Mtafsiri huwapa wahusika majina ya kwetu. Shujaa wa filamu ni steringi; rafiki yake, mrefu, mikono haitulii, kila mashine anataka kuifungua aone ndani, nilimwita Fundi. Nilimwiba hapo hapo kijijini. Palikuwa na kijana mtengeneza pikipiki, mtu wa masihara, na watu walipomtambua kwenye filamu yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Baadaye akashuka kwenda kutafuta kazi Dar. Alionekana mara ya mwisho Mikese, amesimama kando ya barabara akisubiri lori. Basi. Simu haikupatikana, hospitali hayupo, polisi hayupo. Huu ni mwaka wa saba.

Mama yake akaanza kuja kwenye filamu. Mwanamke wa kanisani, rozari shingoni, anakaa benchi la mbele katikati ya vijana wanaonuka petroli. Mashine hazikumhusu. Alimfuata Fundi. Nami, Mungu anisamehe, nikanogesha: Fundi akawa anaongea kama mwanawe, kwa masihara yale yale.

Mwaka huu ikatoka sehemu ya sita. Niliitazama kwanza nyumbani kwangu mjini, na nimekereka mpaka leo. Takataka. Steringi amechoka, mashine tulizozizika zimerudi bila maelezo, mapigano yenyewe ni kiporo cha sehemu ya pili. Lakini kilichonitoa jasho ni dakika ya saba. Mashine inaingia, inampiga Fundi, anaangukia nyuma ya ukuta, na hakuna hata mmoja anayemlilia. Steringi anapanda gari lake na safari inaendelea. Mtu kaibeba filamu sehemu tano, halafu wanamfuta kama vumbi la mezani.

Nikampigia mwenye kibanda, nikamwambia hii tuiache. Akasema haiwezekani. Wajomba wa yule kijana walitaka kuweka matanga, bila mwili, wakisema mtu hasubiriwi milele, na kwa Waluguru neno la mjomba ni zito. Mama akawajibu kwamba mwanawe bado anaongea kwenye filamu, wangoje sehemu ya sita. Wakakubali, sijui kwa huruma au kwa kuchoka.

"Na kila jioni anamwekea chakula," akasema mwenye kibanda. "Sahani yake ile ile ya bati, yenye ua jekundu. Anaifunika. Sasa wewe ndiye utakayemwambia."

Mimi ni mtu wa Tabora. Kiluguru sijui hata neno zaidi ya salamu. Mambo ya ukoo wa watu yalinihusu nini? Tangu mjini, kupita Mkuyuni, mpaka juu kule, nilikuwa nalaani mdomo wangu.

Jumapili baada ya misa kibanda kilijaa. Ilipofika dakika ya saba nikamwona mama ameshika rozari kwa mikono miwili, nikashindwa. Nikasema, "Amezimia tu huyo." Kisha nikaigiza sauti ya Fundi: niko huku nyuma ya ukuta, nyie tangulieni, nawafuata.

Tangu hapo nikawa namsemea. Kila steringi alipokwenda, Fundi yuko karibu, ila nje ya picha: nyuma ya mlango, chini ya gari, daima upande wa kushoto. Mwanzoni watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kutazama kushoto, pembeni ya televisheni. Pale palikuwa na mabati matupu. Vijana wa benchi la upande ule wakasogeana polepole, bila kuambiana, wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

Niliogopa. Picha ilipofika kwenye mvua nikazima maiki, nikailaza mapajani. Kwa kawaida nikinyamaza hata kidogo tu napigiwa miluzi. Siku ile hakuna aliyepiga mluzi. Walikuwa wanasikiliza. Nikamwona mama akiitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, tatu, kama mtu anayepewa maagizo. Nikawasha maiki, nikaimalizia filamu hivyo hivyo.

Watu walitoka bila ubishi wowote. Mama akanisubiri nje, juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu mazima. Nilimwona alivyouawa, nikajua umenionea huruma tu."

Aibu ikanishika. Nikamwomba radhi.

"Nina swali moja," akasema. "Pale kwenye mvua, aliponiambia nisimwekee tena chakula. Nani alikufundisha Kiluguru?"

Ningeweza kumdanganya, na kudanganya ndiyo kazi yangu. Ningesema nimefundishwa na mwenye kibanda, naye angerudi nyumbani kungoja sehemu ya saba.

"Si mimi, mama," nikasema. "Maiki nilikuwa nimeizima."

"Haya," akasema, akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya kupanda kwa kaka yake.

Sikuweza kuondoka siku ile. Jioni nilikwenda matangani kwao na mwenye kibanda. Wajomba walikuwa wameshafika, wanawake wa ukoo wanapika, moshi umejaa uani. Kwenye kichanja vyombo vilikuwa vimeoshwa na kuanikwa, na katikati ya sahani nyingine nikaiona ile ya ua jekundu, imelala kifudifudi, inachuruzika maji. Nikakaa chini pamoja na wanaume, nikalia.