Kichujio cha Jenereta ya Harusi

Afadhali ningemwambia rafiki yangu hapana. Aliponiomba nimtengenezee jenereta ya harusi yake, ilinipasa nimwambie atafute fundi mwingine, kwa sababu siku zile sikuwa mtu wa kuaminiwa na kitu chake chochote, na nilijijua. Lakini nilisema, "Ilete," tena nikacheka, kama rafiki.

Tulikuwa na kibanda kimoja Mbotela, mimi na yeye, karibu na Jogoo Road. Tulitengeneza injini ndogo: pampu za maji, mashine za kukata nyasi, jenereta za wenye maduka na za wahubiri wa uwanjani. Tulikuwa tumekulia nyumba zilizopakana, mlango kwa mlango. Tulisoma shule moja, tukajifunza kazi katika gereji moja kule Industrial Area, na tulipoona tunaweza kujitegemea tukatoka pamoja.

Tulikuwa na sheria moja tuliyojiwekea. Aliyefungua kabureta hakuifunga peke yake. Mwenzake alikuja akaichukua jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambamo petroli hupita, akaielekeza angani na kuchungulia. Akiona mwanga alisema, "Naona," na hapo ndipo kabureta ilifungwa. Wateja walituona vichekesho, wanaume wawili wazima wakichungulia mbingu kwa zamu. Lakini kazi zetu hazikuwa za kurudi rudi.

Kisha akapata mchumba. Mchumba huyo alikuwa fundi cherehani kutoka Dandora, ambako mama yake alikuwa amepata ploti na alikuwa akijenga chumba kimoja baada ya kingine. Msichana akaanza kuja kibandani mchana. Alikaa kwenye kreti ya soda niliyozoea kukalia mimi, akauliza hiki ni nini na kile kinafanya nini, na rafiki yangu akamweleza kwa subira ambayo sikuwahi kuiona. Msichana aliniita shemeji. Akileta chakula alileta sahani mbili, ya rafiki yangu na yangu, na yeye mwenyewe akala kidogo kutoka kwenye sahani ya mchumba wake. Hata hilo la kuniletea sahani lilinikera. Nilitaka awe mtu mbaya.

Majirani walidhani nilimtaka yule msichana. Mama yangu pia alidhani hivyo, akaniambia niende nikatafute wangu. Ingekuwa hivyo ningeweza kujieleza. Sikumtaka. Nilimwonea wivu yeye, msichana, kwa sababu alikuwa akimchukua mtu ambaye nilimhesabu kuwa wangu. Jioni tulizoea kufunga kibanda na kutembea polepole hadi nyumbani tukizungumza upuuzi. Sasa alifunga upande wake mapema, akaenda kumsindikiza mchumba wake.

Miongoni mwa mafundi wa pale ilikuwa desturi bwana harusi asiguse petroli wiki ya harusi yake. Harufu ile huingia kwenye ngozi na sabuni haiitoi, na ilionekana ni kumkosea mke heshima kumpokea nayo. Mwenzako alikufanyia kazi zako zote, wewe ukakaa pembeni na mikono safi ukitaniwa. Ndiyo maana jenereta ile iliniangukia mimi. Ilikuwa ya mjomba wa bibi harusi, na ilikuwa imekaa muda mrefu nyuma ya magunia dukani kwake. Umeme ulikuwa bado haujafika kwenye ploti ya mama mkwe, ambako sherehe ingefanyika, na bila jenereta hapangekuwa na santuri wala spika.

Nilianza kuishughulikia, naye rafiki yangu ameketi hatua chache kutoka kwangu na shati jeupe, mchumba wake ubavuni.

"Vuta tena," alisema.

Nilivuta kamba. Ikawaka, ikakohoa, ikazima.

"Plagi?"

"Plagi ina moto. Nimeshaiangalia."

"Funga choki uvute."

Nilifunga choki, nikavuta, ikanguruma. Nilipoifungua tu, ikafa.

"Unaona?" akamwambia mchumba wake. "Ina njaa. Choki ikifungwa hewa inapungua, basi hata petroli kidogo inatosha. Ukifungua, hewa inazidi, inazimika. Njia ya petroli imeziba."

"Kama wewe ukikosa chai ya saa nne," alisema msichana.

Rafiki yangu akacheka hadi akainama. Utani huo wa chai ulikuwa wangu. Nilikuwa nimemtania nao tangu tukiwa gereji, na msichana alikuwa ameusikia kwangu.

Nilifunga koki ya petroli, nikafungua bakuli la kabureta. Kilichomwagika kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi, kikinuka kama rangi ya ukutani iliyochacha. Utando wa kunata ulikuwa umeganda ndani, na floti, kile kiboya kinachopima petroli, ilikuwa imekwama. Nikaitoa jeti, nikailoweka katika petroli safi, nikalisafisha tundu kwa uzi mmoja wa nailoni niliong'oa kwenye burashi, kwa maana waya ungelipanua, kisha nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hiyo kazi niliifanya vizuri. Sikuwa bado nimeamua lolote.

Nilimsogezea rafiki yangu jeti jichoni, kwa kuwa hakuruhusiwa kuigusa.

"Naona," alisema. "Naona mpaka Makadara."

"Na mimi nione," alisema msichana.

"Mwonyeshe, bwana."

Nikaishika jeti mbele ya jicho lake. Akafumba jicho lingine kwa kiganja kama mtoto, akatafuta mwanga, akaupata.

"Naona," alisema.

Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa neno hilo lilivyoniuma. Wao waliinuka wakaenda kwa mchungaji, wakaniacha niifunge.

Tangi lilikuwa limebaki. Ndani yake mlikuwa na kutu chini kabisa, na dawa yake ilijulikana: unatia petroli kidogo na konzi ya nati, unatikisa mpaka mkono ufe ganzi, unamwaga, unarudia. Kisha unarudisha kichujio kwenye koki, kikombe kidogo cha wavu wa shaba kinachozuia uchafu usishuke. Sikulitikisa tangi. Kichujio nilikitupa ndani ya kopo la nati kuukuu, nikaifunga koki bila hicho. Nilipovuta kamba, jenereta iliimba vizuri sana.

Nilijua itazima. Nilitaka izime. Nilikuwa nimeona kichwani jinsi muziki utakavyokatika, aniite, na sisi wawili tuiinamie ile mashine kama zamani, huku bibi harusi akingoja kitini peke yake. Sikutaka zaidi ya hapo. Sikumtakia mtu mabaya mengine.

Siku ya harusi ikazima pale mama wa rafiki yangu alipokuwa amesimama tu kucheza kuelekea meza ya maharusi na kapu lake la zawadi kichwani. Alibaki katikati ya ua, mguu mmoja mbele, hajui aendelee au arudi.

"Mafundi wa Mbotela," mzee mmoja alisema kwa sauti, "hii yenu nayo imelewa?"

Watu wakacheka. Nikachukua mkoba wangu wa spana, nikaenda nyuma ya nyumba ilikowekwa jenereta. Rafiki yangu alinifuata. Alikuwa ameshavua koti na kumwachia bibi harusi.

"Wewe rudi ukakae," nilimwambia. "Usishike petroli leo."

"Nipe spana."

Akapiga magoti, akakunja mikono ya shati. Nami nikapiga magoti upande wa pili, na vichwa vyetu vikakaribiana juu ya ile mashine. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Alifungua bakuli. Kutu nyekundu ilikuwa imejaa kama mchanga. Aliipitishia kidole, akaitazama, kisha akafungua koki.

"Kichujio kiko wapi?"

"Nadhani kilibaki kibandani."

"Wewe hujawahi kusahau kichujio."

Alinitazama, na nikaona akizipanga siku zote zile kichwani mwake, kreti, sahani, kila mara niliponyamaza. Kisha akarudi kwenye kazi. Alimimina petroli kwenye ndoo, akalisuuza tangi, akairudisha petroli akiichuja kwa leso yake nyeupe. Akaizibua jeti, akaielekeza angani, akachungulia. Nilinyoosha mkono nami niangalie. Akaifunga kabureta peke yake.

"Ungeniambia tu kwamba unaumia," alisema chini chini.

Mjomba mwenye jenereta alitokea kwenye kona, akauliza shida ni nini.

"Petroli chafu, mjomba," alijibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Siku hizi wanatuuzia maji."

Ikawaka. Mama yake akaanza upya kucheza. Bibi harusi aliushika mkono wa mumewe, akaunusa, akacheka na kumwambia jambo sikioni. Rafiki yangu alicheka kidogo.

Baada ya harusi alikuja kibandani asubuhi, akamwaga vifaa vyetu vyote juu ya gunia, akaniambia nichague kwanza. Nilimwomba tuongee. Alisema hana neno na mimi, na kwamba akiwa fundi hawezi kufanya kazi na mtu ambaye itabidi achungulie kila kitu nyuma yake. Alifungua kibanda chake Dandora, kwenye ploti ya mama mkwe. Tulipokutana njiani alinisalimu kwa adabu, akauliza hali ya nyumbani, kama unavyomsalimu mteja. Mara mbili nilianza safari ya kwenda kumwomba msamaha, na mara zote mbili nilirudi.

Nilikuwa na rafiki mmoja tangu nijue kutembea. Nilimpoteza kwa mikono yangu, na sikupata mwingine. Watoto wake hawanijui. Alipougua sikuambiwa, na habari za kifo chake niliambiwa na mteja aliyeniletea pampu, akiwa ameshazikwa.