Mabua ya Alizeti ya Kwenye Josho

Mnisamehe kwa makosa ya tahajia na kwa mwandiko huu unaopinda. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Lakini kuongea ndiko kunakonishinda zaidi.

Kijijini kwetu, upande wa Igunga, kuna josho la zamani la ng'ombe. Halijatumika tangu kabla sijazaliwa, ila udongo wa pembeni yake ulikuwa hauoteshi kitu. Mbuzi waliolamba pale walikufa wamekaza miguu. Bibi yangu, ninayeishi naye, alisema wapagazi wa misafara ya zamani wamezikwa pale. Mtaalamu wa udongo aliyetoka Tabora alisema ni sumu ya dawa ya kupe. Akataka tupande alizeti, kwa sababu mizizi yake huvuta sumu ardhini na kuipandisha kwenye bua. Mimi nikapewa kazi ya kumwagilia.

Zilistawi kuliko za shamba lolote, na hilo ndilo lililonitisha. Kwingine ndege waligombania mbegu, pale hakutua hata mmoja. Upepo ukiwa umetulia nilisikia majani yakigusana, na vichwa vyote vimegeukia upande mmoja kama watu wanaosikiliza. Nilimwagilia bila kuvipa mgongo.

Zilipokomaa tukazing'oa. Mtaalamu akasema zisiliwe wala zisichomwe, zingoje gari la kuzipeleka kufukiwa. Tukazirundika nyuma ya nyumba yetu, na gari likachelewa.

Mchana mmoja nikitoka kisimani nikaona moshi nyuma ya nyumba. Kwetu mabua ya alizeti huchomwa, majivu yakachujwa kwa maji, tukapata magadi ya kupikia mlenda. Dada yangu mjamzito alikuwa amekuja kututembelea, na bibi alitaka kumpikia mlenda laini. Chungu chenye matundu kilikuwa kinadondosha maji ya kahawia kwenye bakuli. Dada alikuwa anachambua majani.

Rundo la mabua ya josho lilikuwa limepungua. Bibi, ambaye kwa utani huniita mume wake, akauliza mbona nimesimama kama nguzo ya zizi. Kisha akachovya kidole aonje kama magadi yamekolea.

Nikamkamata mkono. Sijawahi kumshika mkubwa hivyo.

"Bibi, hayo mabua ni ya josho."

"Kumbe mume wangu ana ulimi," alisema akicheka. "Bua ni bua. Moto unaua kila kitu."

"Sumu hii haifi kwa moto. Imebaki kwenye majivu. Ukimpa dada, umempa na mtoto."

Akaacha kucheka. Alitazama tumbo la dada, akatazama kidole chake kilichokuwa kinadondosha maji yale.

"Nimeshaonja mara moja," alisema.

Dada akamwambia asukutue mdomo, kisha akampeleka zahanati. Mimi nilivaa mifuko ya nailoni mikononi, nikazoa majivu, chungu na udongo uliolowa, nikavitia kwenye gunia pamoja na mabua yaliyobaki.

Bibi yu mzima, na dada hakuonja kabisa. Lakini kila asubuhi bibi hunitolea ulimi na kuuliza kama bado ni wa mtu aliye hai. Mimi hucheka, kisha nautazama vizuri.

Majivu mengine yalipeperuka kabla sijafika, na sijui yalitua wapi. Kama kwenu mmewahi kusafisha udongo kwa mimea, niandikieni mlifanya nini na yaliyopeperuka. Nasoma polepole, ila nitasoma yote.